Invoisi zapotea na kompyuta ni ile ile moja: kisa cha ofisi ya kliaringi Mombasa

Ofisi yenyewe siitaji jina, itoshe kusema ni ofisi ya kliaringi na fowadingi, yaani ya kuwatolea watu mizigo bandarini, ile mitaa ya Moi Avenue upande wa Mapembeni ambako kila ghorofa ukipanda wakuta mawakala wa forodha wamebanana, na kisa chao nakiandika chote mwanzo mwisho kwa sababu naona ofisi nyingi hapa mjini zaelekea huko huko bila kujua. Tatizo nilivyoletewa mimi lilikuwa fupi tu: invoisi zapotea. Karani mmoja akifungua programu aziona, mwenzake akifungua hazioni, bosi akifungua yeye aona za zamani peke yake, na kompyuta ni moja, programu ni moja, hata kiti ni kimoja, wapokezana zamu. Na kufikia siku naitwa, karani mmoja, bi dada wa zamu ya mchana, alikuwa ashaambiwa mbele ya wenzake kwamba yeye ndo azifuta.

Hilo la mwisho ndo lilinifanya nikae na hii kazi zaidi ya vile nilivyolipwa. Manake hakuna aliyefuta chochote pale. Kompyuta ilikuwa yafanya kile ilichoambiwa ifanye, kwa ajili ya usalama, na haikumwambia mtu hata mmoja.

Sasa turudi nyuma. Hii programu yao ya invoisi ni ya enzi za Windows XP, aliyewaandikia hayuko tena kwa hiyo biashara, lakini wateja wote wamo ndani, bei wamo ndani, historia ya kila kontena imo, na mzee mwenye ofisi hataki kusikia habari ya kuiacha, na simlaumu. Programu nyingi za wakati ule zilikuwa na tabia moja: data yake zaiweka pale pale inapokaa programu yenyewe, ndani ya Program Files. Wakati wa XP hilo halikusumbua mtu kwa sababu akaunti uliyotengeneza wakati wa kuinstoli Windows ilikuwa ya admini, yaani msimamizi mwenye ruhusa zote, moja kwa moja, waandika popote utakapo. Virusi navyo vyaandika popote vitakapo, hiyo ndo ilikuwa bei yake. Ilipotoka Vista mwaka wa 2007 Microsoft wakageuza mambo, wakaleta UAC, kile kiboksi chakuuliza kama wakubali programu ifanye mabadiliko, na kuanzia hapo hata ukiwa admini wafanya kazi na nguvu za mtu wa kawaida mpaka ukubali. Program Files na folda ya Windows zikawa za kusoma tu kwa programu isiyokuwa na ruhusa. Na hiyo ni sawa kabisa, mimi naiunga mkono mia kwa mia, manake kama programu yeyote tu yaweza kubadilisha programu nyingine basi hakuna usalama hapo.

Ofisi nyingi zilifanya nini? Zilizunguka. Hawa walikuwa na Windows 10, kila mtu ndani ya ofisi ni admini, na ile ikoni ya programu ya invoisi ikatiwa tiki ya kuendeshwa kama admini kila siku. Ikafanya kazi vizuri miaka na miaka. Data ikakaa Program Files, wote waiona moja.

Halafu siku moja ikaja imeili. Yajifanya ni notisi ya kufika kwa meli, na kwa ofisi ya kliaringi notisi ya kufika meli ni imeili ya kawaida kabisa, zaja nyingi kwa siku na hakuna mwenye muda wa kuichunguza kila moja huku mteja yuko kwenye simu auliza kontena lake litatoka lini na storeji yahesabika. Ikafunguliwa. Ilikuwa ni vile virusi vya kudai fidia, vyafunga faili zako kwa nywila halafu vyaacha barua ya kutaka pesa, aina ile ile ya kitu kama WannaCry iliyotikisa dunia Mei 2017, ingawa WannaCry yenyewe ilijisambaza kwa tundu la mtandao wa Windows na hii yao iliingia kwa mlango wa imeili. Nyaraka zote zilizoskaniwa ndani ya Documents zikafungwa. Bili za meli, barua za wateja, pasipoti za wenye magari, zote. Kwa vile kirusi chaendeshwa na ruhusa za aliyekifungua, na mtu aruhusiwa kuandika kwenye Documents yake, hakukuwa na pa kuizuia. Kilichowaokoa ni mhasibu ambaye ana mazoea yake ya kukopi kila kitu kwenye hadidiski ya nje Ijumaa jioni na kuondoka nayo nyumbani. Fidia hawakulipa, walipoteza kazi ya siku chache.

Baada ya hapo mzee akamwita fundi mmoja, siye mimi, akamwambia funga kila kitu. Yule fundi alifanya mambo mawili, na nataka ieleweke kwamba yote mawili ni mambo mazuri ambayo hata mimi ningeyapendekeza. La kwanza, akawatoa makarani kwenye uadmini, kila mmoja akawa na akaunti yake ya kawaida, na nywila ya admini akamwachia mzee peke yake. Ile tiki ya kuendesha programu kama admini akaitoa, manake ingebaki kila wakifungua ingewaitisha nywila ya mzee. La pili, akawasha Controlled Folder Access, ule ulinzi wa mafolda ulio ndani ya Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ambao ulikuja na Windows 10 toleo la 1709 mwishoni mwa 2017 na haujawashwa wenyewe, lazima uuwashe. Akaandika risiti, akaenda zake. Kitu ambacho hakikufanyika ni mtu kukaa chini na wale makarani kuwaambia hiki kimebadilika, ukiona hivi maana yake ni hivi, na akiulizwa nani aamua aseme ni fulani.

Tuanze na invoisi, manake hapo ndo penye mambo.

Programu ya kizamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files na aliyeifungua ni mtu wa kawaida, ungetegemea ikataliwe tu, itoe kosa, mtu ajue. Lakini Microsoft wakati wa Vista waliogopa kwamba maelfu ya programu za zamani zingekufa siku moja, wakaweka njia ya katikati, na wao wenyewe waliieleza kama suluhisho la muda: badala ya kuikatalia programu, Windows yaiachia iandike, lakini yageuza maandishi yende mahali pengine kimya kimya. Mahali penyewe ni ndani ya profaili ya yule mtu, folda ya AppData, halafu Local, halafu VirtualStore, na humo ndani yajengwa Program Files nyingine ya uongo ya mtu huyo peke yake. Kama faili ilikuwako kwenye folda ya kweli, Windows yaikopi kwanza kwenda VirtualStore halafu ndo yaandika kwenye ile kopi. Kuanzia hapo programu ikitaka kusoma, yaangalia kwanza kopi ya mtu, ikikosa ndo yaenda kwa ya kweli. Programu haijui. Mtu hajui. Na AppData ni folda iliyofichwa, ukitembea tembea na panya yako hutaiona mpaka uamue kuonyesha vilivyofichwa.

Sasa fikiria ofisi hii. Siku ya kwanza baada ya kubadilishwa, karani wa asubuhi akaingia na akaunti yake mpya, akafungua programu, akaandika invoisi. Windows ikakopi databesi yote kwake. Saa nane akaja bi dada wa mchana, akaingia kwa akaunti yake, akaandika invoisi yake ya kwanza, Windows ikakopi databesi ya kweli, ile ya zamani isiyo na kazi ya asubuhi, ikampa kopi yake. Toka hapo hizo ni ofisi mbili ndani ya kompyuta moja. Na mzee, yeye kwa vile ana nywila ya admini, kila akitaka kuangalia abonyeza kitufe cha kulia kwa ikoni, aendesha kama admini, na ukiendesha hivyo ule ugeuzaji haufanyiki, waenda moja kwa moja kwa folda ya kweli, ambayo haijaguswa toka siku ile. Ndo maana yeye aliona za zamani tu. Kila mmoja wao alikuwa asema ukweli! Na kwa vile bi dada ndo aliyekuwa wa mwisho kwenye mashini kila jioni, lawama ikamwangukia yeye.

Mbaya zaidi ni nambari. Programu yahesabu invoisi kwa mfululizo, na databesi zote mbili zilianzia nambari ile ile, bas wateja wawili tofauti wakapewa invoisi zenye nambari moja, kiasi tofauti, tarehe ile ile. Ukiwa kwenye biashara hii wajua hiyo ni balaa, manake mteja mmoja akilipa na kutaja nambari, mhasibu atia alama imelipwa kwa deni la mtu mwingine. Na kumbukumbu za kodi kisheria waziweka miaka 5, huwezi kusema tu ah tuliandika vibaya tukafuta.

Nilivyoligundua si uchawi. Nilifungua Task Manager nikaenda kwa Details, nikaongeza ile safu ya UAC virtualization, inayoonyesha kama ule ugeuzaji umewashwa, na kwa ile programu ikaandika imewashwa. Hapo hapo nikajua. Nikaenda VirtualStore ya kila akaunti na nikazikuta databesi, kila moja na tarehe yake ya mwisho kubadilishwa. Kabla ya kugusa kitu nikazikopi zote tatu, ya kweli na hizi mbili, kwenye hadidiski ya nje, na hili nalisema kwa nguvu kwa yeyote atakayekutana na hali hii: usifute, usihamishe, usifungue programu kama admini ukaanza kuandika invoisi mpya. Kopi kwanza zote.

Halafu nikamwita mzee, mhasibu na makarani wote wawili, nikawaonyesha kwenye skrini, hii hapa kazi ya asubuhi na hii hapa kazi ya mchana, zote zipo, hakuna iliyofutwa. Mzee akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, n'samehe, nilikudhania vibaya," akimwambia bi dada mbele ya wale wale aliomshutumu mbele yao. Hapo nikamheshimu sana yule mzee. Lakini najiuliza ni makarani wangapi wamefukuzwa hapa mjini kwa makosa ya aina hii ambapo hakuna aliyeita mtu kuangalia.

Kuziunganisha ilichukua muda na ilikuwa ni kazi ya karatasi zaidi ya kompyuta. Kilichosaidia ni kwamba invoisi zao waziingiza pia kwenye eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA, watu wa kodi, kando, kwa mkono, kupitia tovuti, bas orodha ya eTIMS ikawa ndo shahidi wa tatu. Tukachukua databesi ya asubuhi kuwa ndo msingi kwa sababu ilikuwa na nyingi, za mchana zikaandikwa upya na nambari mpya, mhasibu akawapigia wateja mmoja mmoja kuwaeleza, na zile zilizogongana kule eTIMS zikarekebishwa kwa kredit noti.

Sasa swali likawa data ikae wapi. Mzee alikuwa na jibu lake tayari, warudishwe uadmini wote, na hapo ndo tulibishana sana. Aliniambia, "Fundi, hii mashini nimenunua mimi kwa pesa zangu, mbona yanikatalia kuseivu kazi yangu mwenyewe?" Na mimi nilimwambia ana haki. Kabisa. Kompyuta ikimkatalia mwenyewe bila kumwambia sababu na bila kumpa njia ya kubadilisha amri, hiyo si usalama, ni kumpokonya mtu mali yake. Ila nikamwambia pia, mzee, ile imeili ilipofunguliwa, virusi vilikuwa na ruhusa za aliyeifungua, na akiwa admini, akibonyeza ndio moja tu vyashika mashini yote. Ukiwapa makarani uadmini humpi mtu peke yake, wakipa kila kitu atakachobonyeza. Lazima tutenganishe mahali programu zinapokaa na mahali kazi inapokaa. Kwenye kazi, makarani waandike watakavyo bila kuulizwa. Kwenye programu, wasiguse, na wewe ukitaka kubadilisha waweza, lakini ubadilishe ukiwa umekaa umefikiri, siyo katikati ya kubonyeza.

Kulikuwa na njia tatu za kuifanya. Ya kwanza ni kuipa folda nzima ya ile programu ruhusa ya kuandikwa na kila mtu, na hii ndo mafundi wengi huifanya kwa sababu ni dakika mbili, lakini ukifanya hivyo faili ya programu yenyewe nayo yaweza kubadilishwa, kirusi chaweka chake kwa jina lile lile, na siku mzee akiiendesha kama admini amekipa kirusi funguo zote. Ya pili ni kutoa ruhusa kwa kijifolda cha data peke yake ndani ya Program Files. Hiyo yafaa kama programu haina njia nyingine. Ya tatu ndo tuliyochukua, kwa sababu kwa bahati hii programu ina faili ya ini (.ini, faili ya mipangilio ya programu) yenye mstari wa njia ya data: tukatengeneza folda kwenye diski ya D, tukaiita Kazi, tukawapa makarani ruhusa ya kubadilisha humo, tukahamisha databesi, tukarekebisha ini.

Na hapa kuna mtego ambao nauandika kwa herufi nzito kama ningeweza. Ukirekebisha ini ile ya kweli halafu karani akafungua programu, bado itaenda kwa data ya zamani! Kwa nini? Kwa sababu kwenye VirtualStore yake kuna kopi ya ini ya zamani, na Windows yasoma ile kwanza. Mpaka uende kila akaunti uiondoe ile folda ya uongo, baada ya kuhakikisha kopi zako ziko salama. Nimeona fundi mwingine mahali pengine akiinstoli upya Windows nzima kwa ajili ya jambo hili.

Niliulizwa pia mbona tusiweke data C kwenye ProgramData, manake Microsoft wenyewe wasema data ya pamoja ikae huko. Yaweza, ila ruhusa za pale kwa kawaida zaruhusu mtu wa kawaida kutengeneza faili na kubadilisha aliyoitengeneza yeye, siyo ya mwenzake, kwa hiyo bila kurekebisha ruhusa karani wa mchana angekwama tena kwenye faili ya wa asubuhi. Tungerudi pale pale.

Haya, tukaja kwenye tatizo la pili ambalo walikuwa hawajaliita tatizo, walikuwa washalizoea. Skana. Toka ulinzi ule uwashwe, programu ya skana ikiseivu PDF ndani ya Documents yasema faili haipatikani. Siyo hauna ruhusa, siyo imezuiwa. Haipatikani. Makarani wakafikiri skana imeharibika, kisha mmoja akagundua ukiseivu kwenye fleshi inakubali, bas kila nyaraka ya mteja ikawa yaenda kwenye fleshi, fleshi yazunguka ofisi mpaka bandarini mpaka saiba ya chini, na zingine wajitumia wenyewe kwa WhatsApp ili wazifungue kwa simu. Ulinzi uliowekwa kulinda nyaraka ndo uliozitoa nje ya ofisi. Pasipoti za watu ziko kwenye fleshi ya mtu mfukoni!

Ulinzi huu wafanyaje kazi, kwa sababu ukiuelewa hutauchukia. Ruhusa za kawaida za Windows zauliza wewe ni nani. Controlled Folder Access haikuulizi wewe, yaiuliza programu. Ni kama geti la bandari, hata uwe ni mwenye kampuni umekaa mbele kwenye lori, lori lisilo na karatasi haliingii. Kwa hiyo hata mzee akiendesha skana kama admini bado yazuiwa, na hilo lilimkera kweli kweli kabla sijamweleza. Folda zinazolindwa zenyewe kutoka mwanzo ni kama Documents, Pictures, Videos na Music, hizo huwezi kuzitoa kwenye orodha, waweza kuongeza zako tu. Programu zinazojulikana na wengi zenye sifa nzuri zapita zenyewe, Word na Excel hawakupata shida hata siku moja, lakini programu ya skana ya kampuni ndogo, au ile ya invoisi iliyoandikwa na mtu mmoja, hazina sifa kokote, zazuiwa. Na programu ikizuiwa yenyewe haijui imezuiwa na nani, yapata tu jibu kwamba imeshindikana, yatoa kosa lolote lililo karibu. Windows hutoa arifa pembeni chini kwa sekunde kadhaa, kwa Kiingereza, wakati karani yuko kwenye simu na mteja. Ikipita imepita.

Na kabla ya kuja mimi mzee alikuwa ashajaribu kusaidia kwa nywila yake. Kwa programu nyingine iliyokuwa yaitisha ruhusa, alikuwa akija kwenye mashini ya karani atia nywila ya admini, yafunguka, karani aseivu kwenye Documents, kesho hazioni. Ni kwa sababu ukitia nywila ya akaunti nyingine, programu yaendeshwa kama ile akaunti, na Documents inayofunguka ni ya admini, siyo ya karani. Faili nyingine tulizikuta huko, zimekaa zimetulia.

Tulichofanya: hatukuuzima ulinzi. Tuliuweka kwanza kwenye hali ya kuangalia tu bila kuzuia, kwa siku za kazi za kawaida, pamoja na siku ya mwisho wa mwezi ambayo ndo programu zote hutumika. Kwenye Event Viewer, pale Windows inapoonyesha kumbukumbu za matukio yake, ndani ya kumbukumbu za Windows Defender zilizoandikwa Operational, ikiwa kwenye hali hiyo huandika tukio nambari 1124 kwa kila programu ambayo ingezuiwa, na ikizuiwa kweli huandika 1123. Humo waona njia kamili ya programu na faili iliyotaka kuandika. Tukapata orodha fupi kuliko nilivyodhani: skana, programu ya invoisi, na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekijua, kikapatikana ni kijiprogramu cha kubadilisha PDF karani alikishusha kwenye intaneti kikakaa ndani ya Downloads. Hicho hatukukiruhusu. Siyo kwa sababu ni kibaya, sikuona kibaya chake, ila ruhusa hii yatolewa kwa njia ya faili ilipo, na faili iliyo ndani ya folda ambayo mtu wa kawaida aweza kuandika, kirusi nacho chaweza kuibadilisha na kurithi ile ruhusa. Kama karani akihitaji tutakiinstoli vizuri ndani ya Program Files na ndipo tukiruhusu. Unaona sasa vile mambo haya mawili yashikana, ile Program Files isiyoandikwa ovyo ndo yafanya ruhusa ya ule ulinzi wa pili iwe na maana.

Folda ya Kazi kwenye D tuliiongeza kwenye orodha ya zinazolindwa, na programu ya invoisi tukairuhusu, kwa hiyo databesi sasa yaandikwa na kila karani bila nywila lakini siyo na kila programu.

Jambo ambalo nililisisitiza na lilikuwa gumu kuliko yote ni nani aruhusu. Mzee kuwa peke yake na nywila haifai, yuko bandarini nusu ya siku, na karani akikwama na lori lasubiri atatafuta njia ya fleshi tu. Tukakubaliana mhasibu awe na akaunti ya pili ya admini, asiyoifanyia kazi ya kila siku, ya kuruhusu tu. Karani akizuiwa asoma jina la programu, ampigia mhasibu. Mhasibu akiijua aruhusu, asipoijua anipigia. Kila ruhusa yaandikwa kwenye daftari, tarehe, programu, njia, aliyeomba, aliyekubali. Makarani nimewaonyesha wote wawili na kila mmoja akajaribu mwenyewe mbele yangu mpaka akaweza.

Kuna watu wataniuliza mbona usiache kompyuta imuulize mtu pale pale, ndio au hapana, kama macOS ilivyoanza kufanya na Catalina mwaka wa 2019, programu ikitaka Documents au Desktop yauliza. Kwa mtu na laptopu yake nyumbani naona ni sawa, yeye ndo mwenye faili na yeye ndo mwamuzi. Kwa ofisi yenye haraka kama hii siioni. Vista iliuliza sana mpaka watu wakazoea kubonyeza ndio bila kusoma, na Windows 7 mwaka wa 2009 ikabidi ipunguze maswali. Karani aliyefungua ile imeili ya notisi ya meli angebonyeza ndio pia, manake kwake ilikuwa ni kazi.

Mambo ambayo ulinzi huu haufanyi niliyasema wazi mbele ya mzee. Hauzuii kusoma, kwa hiyo kirusi kinachoiba nyaraka na kuzituma nje chaweza kuendelea, chazuiwa kuzibadilisha tu. Wategemea Defender iwe ndo antivairasi inayofanya kazi, mtu akiinstoli antivairasi nyingine wazimika bila kelele. Na haubadilishi kazi ya bakapu, ile hadidiski ya mhasibu ya Ijumaa bado ndo ngao yao kubwa, muhimu isikae imechomekwa wiki nzima.

Fleshi tulizikusanya, nyaraka za wateja zikarudishwa kwenye Kazi, fleshi zikafutwa. WhatsApp sikuweza kuifanyia kitu zaidi ya kuwaomba wafute, na walifuta mbele ya mhasibu.

Kilichobaki ni viwili. Programu ya skana ikipata apdeti yaweza kubadilisha mahali inapokaa na kuzuiwa tena, hilo limetokea mara moja tayari, na mhasibu alilimaliza mwenyewe kwa simu bila mimi kufika. Na ile programu ya invoisi bado ni ile ile ya enzi za XP. Mzee amekubali data ianze kutolewa kwa mafungu kwenda mfumo mpya unaozungumza na eTIMS moja kwa moja, akianza na wateja wa magari, na bi dada wa mchana ndo amepewa asimamie kuhakiki kila rekodi kabla haijahamishwa.